Bunduki ya zamani ya kuvuta mkono: inatunzwa namna gani, na kwa nini usiifungue wewe mwenyewe

Hapa Mangina ukitaja bunduki, watu wanafikiria ile ya leo. Lakini huku kwetu kulipita pia bunduki za kizamani. Mwaka 1887 msafara wa Henry Morton Stanley ulivuka msitu wa Ituri ukimtafuta Emin Pasha, na mwaka 1889 ukarudi kupitia bonde la Semliki. Ulibeba Remington 510 na Winchester 50. Hizo Winchester ndizo za kuvuta mkono.

Mkono huo ni chuma kilicho chini, kinachozunguka kifyatuo. Ukiusukuma chini na mbele, ganda tupu linatoka na nyundo inasimama tayari kupiga. Ukiurudisha, risasi mpya inatoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu na kuingia ndani. Martini-Henry, ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia mwaka 1871, nayo iko na mkono, lakini haina bomba: inawekwa risasi moja moja.

Adui wa mkono huo ni kutu. Baruti nyeusi ya zamani inaacha chumvi yenye kuvuta maji ya hewa, na hewa ya msituni ni ya unyevu. Kwa hiyo mafundi wa makumbusho wanaanza kuhakikisha kwamba silaha ni tupu. Kisha wanatoa uchafu wa baruti kwa maji, wanakausha vizuri sana, halafu wanaweka mafuta kidogo tu kwenye pini ambazo mkono unazungukia. Mafuta mengi yanashika vumbi na kuozesha mti. Mkono ukikwama, hawaulazimishi wala kuupiga nyundo. Ukilegea, ni alama kwamba pini zimelika: mtutu unaweza kukosa kufunga sawasawa, na moto ukamrudia mpigaji usoni.

Sasa sikiliza vizuri. Mtu akikuta bunduki kama hiyo shambani kwenye kakao, ao kwenye vitu vya babu, anataka kuvuta mkono aone kama iko na risasi. Hapo ndipo hatari ilipo. Kuvuta mkono ndiko kunakoitayarisha kupiga, na risasi inaweza kuwa imejificha ndani ya bomba. Kutu na miaka mingi havitoshi kukuambia kwamba imekufa.

Usiiguse, usiisafishe, usiibebe barabarani. Weka watoto mbali, kumbuka mahali ilipo, kisha umwambie chefu wa mtaa ao polisi waje wenyewe. Sheria ya mwaka 1985 inadai ruhusa kwa mwenye silaha, na tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi. Mtu akionekana na bunduki mkononi, hakuna atakayeuliza kwanza kama ni ya mwaka gani.