Vyombo Ukutani: Kutoka Ndundu Hadi Husuni Kubwa

Msafiri apitaye Ndundu huvuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 na kuwaondolea watu adha ya pantoni. Hushika njia ya kusini hadi Kilwa Masoko, kisha hupanda mashua kwenda Kilwa Kisiwani kuitazama Husuni Kubwa.

Neno husuni limetoka katika Kiarabu, hisn, yaani ngome. Lakini jengo hili la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzo wa karne ya 14, lilikuwa kasri: vyumba zaidi ya 100, ua wa biashara, na birika la pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, sultani huyo akitawala.

Jina la sultani lilichongwa kwenye jiwe. Wasiotajwa nao waliacha alama yao. Katika magofu ya jirani, Songo Mnara, walikwaruza lipu ya chokaa wakachora vyombo vya baharini, milingoti na matanga. Michoro kama hiyo ipo Gede. Na katika Ngome ya Yesu, Mombasa, Wareno walichora merikebu zao kwa rangi.

UNESCO iliyatambua magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981. Toka 2004 hadi 2014 yakawa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ukuta ukibomoka, fundi huujenga upya. Lipu ikianguka, mkono uliochora haurudi. Sisi tunaothamini miswada ya tenzi tuihesabu na michoro hii kuwa miswada.