Santuri Iitwayo Mwandishi

Siku ya mwisho ya mwaka 1970, wakati mji wa San Francisco ukijiandaa kuulaki mwaka mpya, wanamuziki sita, Wamarekani weusi, pamoja na wageni wao watatu, walijifungia katika studio ya Wally Heider wakarekodi santuri ambayo kampuni ya Warner Bros. iliitoa mwezi Machi 1971 kwa jina la Kiswahili kitupu: Mwandishi. Kiongozi wao alikuwa Herbie Hancock, mpiga kinanda mashuhuri mzaliwa wa Chicago, naye ndiye aliyekuwa akiitwa kwa jina hilo. Katika tarehe ya muziki ule uliozichanganya jazi na roki ni chache santuri zenye shani kama hii, na ni chache pia zilizopata soko dogo kuliko sifa yake.

Hancock, aliyezaliwa tarehe 12 Aprili 1940, hakuwa mgeni wa fani. Akiwa mtoto wa miaka 11 alipiga utungo wa Mozart pamoja na okestra kuu ya mji wake. Na alipoingia Chuo cha Grinnell alianza kusoma uhandisi, kabla ya moyo wake kuelemea muziki moja kwa moja. Toka 1963 hadi 1968 alikuwa katika kundi la mpiga tarumbeta Miles Davis, na huko ndiko alikokutana na kinanda cha umeme, ambacho, kwa masimulizi yake mwenyewe, alikidhania kitu cha kuchezea watoto mpaka alipokigusa kwa amri ya bwana mkubwa wake akaipenda sauti yake. Davis aliendelea mbele akatoa Bitches Brew mwaka 1970, santuri iliyowafungulia wengi mlango wa muziki mpya. Hancock, aliyekwisha kuondoka kwake na kuunda kundi lake mwenyewe, naye akawa anaitafuta njia yake.

Ama habari ya majina, mwanzo wake ni kijana mmoja mpiga ngoma, James Mtume, mwana wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Mtume alikuwa mfuasi wa Maulana Karenga, mwanzilishi wa sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966, ambaye jumuiya yake huko California ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya heshima na ya kujitambulisha. Wala haikuwa ajabu katika zama zile. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika tangu 1963; Malcolm X alifika huko mwaka 1964; na Azimio la Arusha la 1967 lilisomwa kwa makini na vijana wengi weusi wa Marekani, ambao waliiona lugha hii kuwa ni ya Waafrika wa makabila mengi na si mali ya kabila moja. Mwishoni mwa 1969 Hancock alishiriki, pamoja na Mtume, kurekodi santuri ya Albert Heath iitwayo Kawaida, na kutokana na urafiki huo ndipo alipopewa jina lake.

Wenzake wakafuata. Buster Williams, mpiga besi, akawa Mchezaji. Billy Hart, mpiga ngoma, akawa Jabali. Bennie Maupin, fundi wa zumari na saksafoni aliyekuwa amekwisha kupiga katika Bitches Brew, akawa Mwile. Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto. Na Eddie Henderson wa tarumbeta, ambaye kwa elimu na kazi alikuwa daktari kweli, akaitwa Mganga, jina lililomkaa barabara. Majina haya yalipigwa chapa kwenye jalada, na msomaji wa pwani atayasoma kwa tabasamu. Lakini wao hawakuyachukua kwa mzaha. Yalikuwa kiapo cha udugu, kwa maana yaliwaweka kiongozi na wafuasi katika daraja moja, na udugu huo husikika katika upigaji wao.

Kundi hilo lilipikika Novemba 1970 katika mkahawa wa London House mjini Chicago, mahali walipozoea kula watu wa mapato mazuri, ambao wengi wao hawakufurahi kusikia mzigo wa sauti walioletewa mezani. Hata hivyo wanamuziki wenyewe, kwa kupiga usiku baada ya usiku, walifikia hali ya kusikilizana bila kuamrishana, kila mmoja akiutabiri mwendo wa mwenziwe. Mwezi mmoja baadaye wakaingia studio wakiwa na moto ule ule.

Santuri yenyewe ina nyimbo tatu tu. Ya kwanza, "Ostinato", ya dakika 13, ilitolewa heshima kwa Angela Davis, mwalimu wa falsafa na mpigania haki, aliyekamatwa New York tarehe 13 Oktoba 1970 na ambaye siku ile ya kurekodi alikuwa angali kizuizini, akingoja kesi aliyokuja kuishinda Juni 1972. Mwenye kutaka kuyahesabu mapigo yake kwa kidole juu ya meza atajikuta amepotea upesi, kwani ni mafungu mawili ya mapigo manne manne, ila fungu moja limepunguziwa nusu pigo, hata jumla ya nusu hizo ikawa 15 badala ya 16. Mahadhi ya besi hurudi tena na tena bila kubadilika, na kila yarudipo humfikia msikilizaji mapema kuliko alivyotazamia, ndiyo maana wimbo hauchoshi ijapokuwa msingi wake ni mmoja. Juu ya msingi huo zinakwenda ngoma za Jabali na za kijana wa miaka 18, Leon Chancler, aliyejulikana kwa jina la Ndugu. José Areas wa kundi la Santana yuko upande wa tumba, na Ronnie Montrose upande wa gitaa.

Wimbo wa pili, "You'll Know When You Get There", ni mtulivu na wenye nafasi nyingi za kimya. Tarumbeta ya Mganga huja kwa upole, na kinanda kikafuata nyuma yake. Kinanda hicho hakina nyuzi: ndani yake nyundo ndogo hugonga vijiti vya chuma, na sumaku ikaugeuza mtikisiko wao kuwa umeme. Sauti ikishapita katika mtambo wa mwangwi, noti moja huacha nyuma yake safu ya vivuli vyake. Upande wa pili wote, dakika zipatazo 21, ni "Wandering Spirit Song" wa Pepo Mtoto, unaoanza kama maombolezo, ukachafuka taratibu mpaka ala zote zikawa zapaza sauti kwa pamoja, kisha ukarejea utulivuni.

Soko halikuipokea kwa mikono miwili. Nyimbo zilikuwa ndefu mno kwa redio, na kampuni haikujua imuuzie nani, mpenzi wa jazi au mpenzi wa roki. Zikafuata Crossings mwaka 1972 na Sextant mwaka 1973, na ndani yake akaongezeka Patrick Gleeson na mitambo yake ya kuunda sauti. Gharama za kuwasafirisha watu na mizigo zikaushinda mfuko wa kiongozi, naye akalivunja kundi mwaka 1973. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo alitoa Head Hunters, yenye mapigo mepesi ya kuchezeka, na hiyo ikauzwa nakala zaidi ya milioni moja. Katika wale ndugu watano ni Mwile peke yake aliyevuka naye.

Wako wasemao kuwa Mwandishi ilikuwa ngazi tu ya kupandia kwenye Head Hunters. Mimi sikubaliani nao. Santuri ile ya pili ni kazi ya fundi mwenye akili aliyewajua wateja wake. Hii ya kwanza ni kazi ya watu sita waliothubutu kuutia umeme muziki wao bila kumnyang'anya yeyote uhuru wa kusema lake, na kwa hiyo ndiyo iliyo bora. Ewe msomaji usiyewahi kuisikia, anza na wimbo wa pili, kisha urudi kwenye ule wa kwanza, na ule wa upande wa pili uuwekee saa yenye faragha. Na ninyi wenye kuendesha vipindi vya muziki katika redio zetu, mnaopiga jazi ya Marekani kila wiki, ipeni nafasi santuri hii, kwani wasikilizaji wenu wana haki ya kuijua.