Kanumba, Lulu na usiku ule wa Ijumaa Kuu



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa kwaya alinisimamisha mlangoni akaniuliza: “Baba Paroko, hivi ni kweli Lulu alimuua Kanumba?” Nilishangaa kidogo, maana mwaka 2012 kijana huyo alikuwa bado hajaanza hata darasa la kwanza. Lakini filamu amezitazama zote, na hadithi ameisikia kwa mama zake na shangazi zake, kila mmoja na ya kwake. Nilimwahidi kwamba juma hili nitaandika yale yanayojulikana, kwa mpangilio wake, ili angalau hapa kwetu tuzungumze juu ya kitu kimoja.

Tuanze mbali kidogo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ilipoanza ITV. Televisheni ya Taifa ilifuata miaka kadhaa baadaye. Hivyo kizazi cha kwanza cha waigizaji wetu wa runinga hakikuwa na wa kumwiga hapa nyumbani, bali kilitoka katika maigizo ya jukwaani na ya redio. Miongoni mwa vikundi vilivyong’ara ni Kaole Sanaa Group, ambacho michezo yake ilioneshwa ITV, na saa yake ilipofika nyumba yenye luninga iligeuka kuwa ukumbi wa mtaa mzima. Katika kikundi hicho aliingia, mwaka 2002, kijana aliyezaliwa Shinyanga Januari 8, 1984, jina lake Steven Kanumba. Katika kikundi hicho hicho alikuwamo pia mtoto mdogo wa kike, Elizabeth Michael, ambaye watazamaji walimzoea kwa jina la Lulu. Watu waliomwona akiigiza akiwa mtoto ndio hao hao waliokuja kumwona kizimbani, na nadhani hapo ndipo penye sehemu kubwa ya uchungu wa jambo hili. Nchi nzima ilidhani inamfahamu, kama vile ni mtoto wa jirani.

Kanumba alipanda haraka. Kutoka michezo ya runinga kama Jahazi na Dira aliingia katika filamu za kaseti na baadaye za diski. Mwaka 2006 ilitoka Dar 2 Lagos, aliyoigiza na Mercy Johnson wa Nigeria, na baadaye aliigiza na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Alianzisha kampuni yake, Kanumba The Great Film. Mwaka 2009 alialikwa katika jumba la Big Brother Africa, na wako waliomcheka Kiingereza chake. Yeye hakujificha, aliendelea na kazi. Binafsi nilimheshimu kwa hilo, kwa sababu hata sisi tuliosomea seminari tunajua uchungu wa kuchekwa lugha. Sifa zake zilivuka mipaka, zikafika Kongo, Rwanda na Burundi. Hapa Tunduma, ambako wakati ule tulikuwa bado mkoa wa Mbeya (Songwe ilizaliwa mwaka 2016), diski zake zilipangwa mezani hatua chache tu kutoka mpakani, na madereva wa malori waliokwama kwenye foleni walizitazama katika vibanda vya video wakisubiri karatasi zao.

Kisha ukaja usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012. Mwaka ule Pasaka iliangukia Aprili 8, kwa hiyo Kanumba alifariki katika usiku ule ulio kati ya Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu, nyumbani kwake Sinza, mahali ambapo, kwa jinsi majina yanavyoweza kutushangaza, panaitwa Vatican. Alikuwa na umri wa miaka 28. Nakumbuka asubuhi ile tulikuwa tunapanga kuni za moto wa Mkesha, simu zikaanza kulia, na akina mama waliokuwa wanafagia kanisa wakaweka mifagio chini. Hakuna aliyekuwa anamjua mtu huyo uso kwa uso. Walilia kama waliofiwa.

Maziko yalifanyika Aprili 10 katika makaburi ya Kinondoni, baada ya heshima za mwisho katika viwanja vya Leaders Club. Maelfu kwa maelfu walijitokeza, akiwamo Makamu wa Rais, Dk. Mohamed Gharib Bilal, na Mama Salma Kikwete. Wengine walizimia kwa msongamano na majonzi.

Wakati huo huo Lulu, aliyekuwa chumbani na marehemu usiku ule, alikuwa mikononi mwa polisi. Alifikishwa katika Mahakama ya Kisutu akishtakiwa kwa mauaji ya kukusudia, kosa ambalo katika nchi yetu halina dhamana na adhabu yake ni kifo. Akapelekwa mahabusu ya Segerea. Hapo ukazuka mvutano mrefu juu ya umri wake: hati ya mashtaka ilimwandika kuwa na miaka 18, mawakili wake wakasema hajaifikia. Mvutano huo ulifika hadi Mahakama ya Rufani. Wasomaji wengine waliuona kama ujanja wa mawakili, lakini haikuwa hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na mtoto hahukumiwi kunyongwa.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana jambo hili watu walilipita mbio. Iwe alikuwa na miaka 18 au chini ya hapo, alikuwa binti, na mwenzake alikuwa mtu mzima wa miaka 28, tajiri wa sifa. Siku zile nilisikia mengi juu ya mavazi yake, marafiki zake na kiburi chake. Sikusikia mtu akiuliza binti wa umri ule anahitaji nini, na nani alipaswa kumlinda, tangu siku alipowekwa mbele ya kamera akiwa mtoto. Sisemi hili kumhukumu marehemu, ambaye hawezi kujitetea. Nalisema kwa sababu ninaishi Tunduma. Mabinti wa miaka 16 na 17 wanaoishi na wanaume wenye fedha wapo katika mitaa yetu, na yakitokea mabaya, swali la kwanza huwa ni lile lile: yeye alifuata nini huko?

Mashtaka yakabadilishwa kuwa ya kuua bila kukusudia, na mwishoni mwa Januari 2013 Lulu alipata dhamana. Alirudi kazini. Mwaka huo ilitoka Foolish Age, na mwaka 2016 filamu ya Mapenzi ya Mungu ilimpatia tuzo kule Nigeria katika tuzo za Africa Magic. Kwa upande mmoja jina lake likipanda jukwaani, kwa upande mwingine jalada lake lilikuwa linasubiri Mahakama Kuu. Naye mama mzazi wa marehemu alikuwa anasubiri vile vile. Tusimsahau.

Kesi ilisikilizwa Oktoba 2017 mbele ya Jaji Sam Rumanyika, akisaidiwa na wazee wa baraza. Wakili Peter Kibatala alimtetea mshtakiwa. Lulu alieleza kwamba ulitokea ugomvi wa wivu kwa sababu ya simu, kwamba marehemu alimpiga kwa ubapa wa panga, kwamba alikimbilia bafuni kujificha, na kwamba akiwa huko alisikia kishindo. Uchunguzi wa madaktari ulionesha kuwa ubongo wa marehemu ulipata mtikisiko. Hapakuwa na mtu wa tatu ndani ya chumba, hivyo mahakama ililazimika kupima ushahidi wa mazingira. Novemba 13, 2017, miaka mitano na miezi saba baada ya usiku ule, Jaji alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akamhukumu kifungo cha miaka miwili. Kosa hilo kisheria linaweza kufikia kifungo cha maisha. Kwa baadhi ya watu miaka miwili ilikuwa dhihaka, kwa wengine ilikuwa uonevu. Mei 2018 alitoka Segerea, akamalizia adhabu yake nje kwa kutumikia jamii hadi Novemba mwaka huo.

Kijana wangu wa kwaya nilimpa muhtasari wa haya siku ile ile mlangoni. Akanitazama, kisha akauliza: “Sasa Baba, kuua bila kukusudia ni kuua au si kuua?” Ni swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia wakati ule. Katika Kanuni ya Adhabu, kinachotenganisha makosa haya mawili ni dhamira ovu iliyotangulia tendo. Mtu amekufa kwa tendo lisilo halali, lakini aliyetenda hakuwa amekusudia kifo. Wale waliosoma katekisimu wataona kwamba hatuko mbali sana: ili dhambi iwe ya mauti hautoshi uzito wa tendo peke yake, bali hutakiwa pia ujuzi kamili na ridhaa ya hiari. Nilimjibu kwamba ni kuua, na kwamba neno “bila kukusudia” nalo ni sehemu ya hukumu, kwa hiyo anayelikata neno hilo anaposimulia anasema uongo juu ya mtu aliye hai. Akaniuliza kama basi tumwombee nani. Nikamwambia wote wawili, na yule mama.

Baadaye jioni nilipita kwa mzee mmoja ambaye zamani alikuwa na kibanda cha video karibu na reli. Siku hizi anaweka muziki na filamu kwenye flashi. Nilimuuliza kama bado watu wanaulizia Kanumba. Akavuta droo, akanionesha diski tatu zilizokwaruzwa, makaratasi yake yamepauka. Moja ilikuwa ya Kanumba, mbili za Lulu. Alisema haziuzi.