Kabla hujaigeuza boti yako iwe ya wageni: unauza siku, si samaki

Mwezi huu wamekuja ofisini watu wawili wenye swali moja: "Bwana afisa, nina boti ya faiba, naweza kuacha kuuza nguru nikawa napeleka wageni kuvua?" Unaweza. Lakini kabla hujachukua mkopo, ujue biashara hii ilizaliwaje, kwa sababu hesabu zake si zile ulizozoea.

Ilianza kushika umbo mbali na kwetu, kisiwa cha Santa Catalina, California. Watalii waliofika mji wa Avalon miaka ya 1880 walivua kwa mshipi wa mkono, samaki wengi kupita haja, na wengi wakatupwa. Juni 1898 Charles Frederick Holder akamtoa jodari wa ratili 183, kama kilo 83, kwa fimbo na rili. Mwezi huohuo yeye na wenzake wakaunda Tuna Club, chama chenye masharti ya kuvua kwa vifaa vyepesi ili samaki naye apate nafasi.

Sifa alipata Holder. Wewe mtazame mwenye boti. Mvuvi wa soko anapata kwa kilo, na asipopata, amekula hasara yeye na mabaharia wake. Mwenye boti wa Avalon alilipwa kwa siku. Mgeni alinunua muda, nahodha na ujuzi wa kujua samaki wako wapi. Samaki apatikane asipatikane, siku imelipwa.

Mchezo huo ukafika pwani yetu. Miaka ya 1930 hoteli zilifunguliwa Malindi kwa walowezi waliotoka bara kupumzika, na mapema 1934 Ernest Hemingway, baada ya kuwinda Tanganyika, alikuja hapo kuvua. Watu hupenda kutaja jina lake. Mimi nakuomba uangalie tarehe tu: alikuja kaskazi, bahari ikiwa tulivu. Msimu wa sulisuli na nduaro ni huohuo hadi leo. Kusi ikikaza, boti nyingi za Malindi na Watamu hupandishwa nchi kavu, na wageni wenyewe hawapo.

Hapo ndipo nilipokosea mimi. Niliwahi kumwandikia mvuvi mmoja mpango wa mkopo kwa miezi 12, kana kwamba bahari haina kusi. Kaskazi alilipa vizuri. Ilipofika Julai boti iko juu ya magogo, rejesho halingoji, na mwaka wa pili boti ikauzwa. Sijasahau.

Kwa hiyo piga hesabu hivi. Rejesho likiwa shilingi 40,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 480,000. Ukiwa na miezi 6 ya wageni, kila mwezi wa kazi lazima ubebe 80,000, kabla ya mafuta, mshahara wa baharia, na ukarabati wa mashine. Kama siku zako za wageni haziwezi kubeba hizo, usikope. Anza na boti uliyonayo, na kusi urudi kwenye nguru au ndani ya mwamba.

Jambo jingine limetoka moja kwa moja Avalon. Wageni wengi sasa wanataka sulisuli atiwe alama na kurudishwa baharini. African Billfish Foundation ya Watamu ina mpango wa alama hizo. Baharia aliyezoea mgao wa samaki ataona unatupa chakula cha watoto wake. Mlipe kwa siku, si kwa mgao, na mwambie mapema. Na mgeni naye aambiwe kabla ya kung'oa nanga: jodari na nguru watakaobaki ni wa nani? Nimeona ugomvi mkubwa gatini kwa kukosa sentensi hiyo moja.

Ukija ofisini, njoo na karatasi za boti, idadi ya majaketi ya kuokolea, na bima. Bima ya boti pekee haitoshi. Uliza kama inawafunika abiria. Na usije na barua ya mkopo iliyokwisha kutiwa sahihi.