Simu ya Bure Haijawahi Kuwa Bure

Wasee, kuna kitu tunapenda kuambiana: ati kupiga simu kwa data ni bure. Hebu turudi nyuma kidogo, juu hii story ni mzee kuliko WhatsApp, na ukiifuata utaona bei haikuisha. Ilihama mfuko tu.

Sauti ilipitishwa kwenye ARPANET, mtandao wa Marekani uliozaa intaneti, mwaka wa 1974. Mwaka wa 1995 kampuni ya VocalTec ya Israeli ikaleta programu ya kupigiana simu kwa kompyuta. 2003 ikaja Skype. Sasa kama teknolojia ilikuwa tayari, mbona Kenya watu waliendelea kulipa pesa mob kupiga simu majuu?

Jibu la kwanza ni sheria. Mpaka 2004, Telkom Kenya ndiyo pekee iliyokuwa na haki ya kupitisha simu za nje. Cyber iliyouzia watu simu kwa intaneti ilikuwa inavunja sheria. Na si sisi tu: Saudia, ambako Wakenya wengi huenda kutafuta kazi, iliondoa marufuku ya simu za intaneti Septemba 2017, juzi tu.

Jibu la pili ni umbali. Hata sheria ilipolegea, intaneti yetu bado ilipitia setilaiti, karibu kilomita 36,000 juu. Sauti ikipanda na kushuka, robo sekunde imeisha. Jibu likirudi, robo nyingine. Mnaanza kuongea pamoja, mnanyamaza pamoja, halafu kila mtu "haloo? haloo?" ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linapendekeza sauti ifike ndani ya sekunde 0.15. Setilaiti ilikuwa imeshapitisha hapo kabla hata simu yako haijaanza kuhangaika na mnara.

Julai 2009 kebo ya SEACOM ikawashwa Mombasa, na TEAMS ikaja mwaka huohuo. Sauti ikaacha kupanda angani, ikapita chini ya bahari. Upande wa minara, Safaricom ilileta 3G mwaka wa 2008 na 4G mwisho wa 2014. WhatsApp ilipofungua simu za sauti 2015, barabara ilikuwa imeshatengenezwa na wengine.

Sasa tupige hesabu. Simu ya data hukata sauti yako vipande 50 kila sekunde. Tuseme kila kipande kina baiti 60 za sauti, kisha kibebe baiti 40 za anwani. Hiyo ni kama KB 300 kwa dakika, na sauti ya mwenzako inayoingia ni KB 300 zingine. Dakika kumi ni kama MB 6. Hiyo ni kidogo sana, video moja fupi tu inaimaliza.

Lakini angalia nani anakatwa. Kwa simu ya kawaida, anayepiga ndiye hulipa, na kampuni yake hulipa kampuni ya anayepokea. Mwaka wa 2010 serikali ilishusha malipo hayo kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Ndio maana kuflash kulifanya kazi: mtu mwenye kredo kidogo tu anakuflash, anakata kabla hujashika, unampigia, anaongea saa nzima bila kulipa. Kwa simu ya data, MB 6 zinakatwa kwako na MB 6 zingine zinakatwa kwake. Na kabla ya hapo lazima awe na simjanja, iwe na chaji, data iwe imewashwa, na mnara wa kwao usiwe wa 2G tu. Data ikiwa imezimwa, simu yako haitalia kwake kabisa, hata ukipiga mara ishirini.

Kwa hivyo simu ya data inafaa, na kwa mtu aliye Riyadh au London ni baraka. Lakini tukisema "si unipigie tu WhatsApp, ni bure," tunamhamishia shosho gharama ambayo simu ya kawaida ilikuwa imemwondolea. Ukitaka kuongea naye kwa data, mtumie bando kwanza. Na kama ni dharura usiku, tafuta kredo umpigie kawaida. Kabambe yake italia.