Kamba Hukatikia Pabovu: Historia Fupi ya Kucheza kwa Skrini Tatu

Kompyuta yangu hapa Kakamega ina skrini tatu. Mchana ni za kazi: programu ninayoandika iko katikati, maelezo kushoto, majaribio kulia. Usiku zinageuka kuwa kioo cha mbele na vioo vya pembeni vya gari la mashindano. Sasa nimetenga pesa za kuboresha kitu kimoja tu ndani ya mashine hii. Kadi ya michoro? Prosesa? Kumbukumbu? Au skrini ya nne kabisa? Macho hayana pazia, na kila muuzaji ana jibu lake. Kabla sijawasikiliza, nimeamua kuiuliza historia, kwa sababu watu wamehangaika na jambo hili kwa zaidi ya miaka 40.

Mambo yalianzia kwenye kumbi za michezo. Mwaka 1983 kampuni ya Tatsumi ya Japani ilitoa TX-1, mchezo wa mbio za magari uliopangwa kwenye skrini tatu, ubavu kwa ubavu. Miaka michache baadaye Taito nayo ikaja na Darius, vita vya angani kwenye skrini tatu vilevile. Lakini kila moja ilikuwa mashine kubwa kama kabati, iliyoundwa kwa mchezo mmoja tu. Wewe kazi yako ilikuwa kutia sarafu na kucheza.

Nyumbani kwa watu, mlango ulifunguliwa na Doom, mchezo uliotoka Desemba 1993. Matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na siri nzuri: ungeweza kuunganisha kompyuta tatu kwa mtandao, moja ikakuonyesha mbele, nyingine kushoto, nyingine kulia. Naam, ukitaka skrini tatu, tafuta kompyuta tatu! Picha ya Doom ilikuwa na pikseli 320 kwa 200, yaani 64,000 tu, na zote zilichorwa na prosesa yenyewe bila msaada wa kadi ya michoro ya aina tunayoijua leo. Kubeba picha tatu kwa mpigo lilikuwa jambo lisilowezekana kwa prosesa moja. Matoleo yaliyofuata yaliiondoa huduma hiyo. Wakati huo, basi, pabovu palikuwa kwenye prosesa.

Mwaka 1998 ikaja Windows 98, iliyokubali hadi skrini tisa kwenye kompyuta moja. Lakini nani angezipanga? Zile zilikuwa zama za skrini za kichogo: mbili tu na meza imejaa. Michezo mingi nayo iliendelea kujibana kwenye skrini moja.

Halafu mwaka 2002 Matrox ikatoa kadi iitwayo Parhelia. Hapa tutulie kidogo, kwa sababu kisa chake ndicho chenye funzo. Kadi moja, skrini tatu, na mchezo unaotanda kwenye zote. Kila mtu alisema ndiyo hii sasa! Ilipopimwa kasi, hata kwenye skrini moja, ikaachwa nyuma na GeForce4 Ti za mwaka huohuo. Matrox walikuwa wametoa matundu ya kuchomeka skrini tatu, ila nguvu ya kuzilisha ilikuwa haijafika. Tundu si nguvu. Sentensi hiyo ningependa ibandikwe kwenye kila duka la kompyuta.

Septemba 2009 AMD ilileta teknolojia ya Eyefinity pamoja na Radeon HD 5870. Kwetu sisi mwaka huo unakumbukwa kwa jambo jingine: nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini, na Kenya ikaanza kuachana na intaneti ya setilaiti. Radeon hiyo ilikuwa na nguvu za kutosha, lakini skrini ya tatu ilibidi ipitie tundu la DisplayPort. Mwenye skrini za zamani alilazimika kununua kigeuzi cha pekee. Safari hii kamba ilikatikia kwenye waya! Nvidia walijibu mwaka 2010, lakini walitaka kadi mbili ndani ya kompyuta moja. Ni mwaka 2012, kwa GTX 680, ndipo kadi yao moja ilipoweza kubeba mchezo wa skrini tatu peke yake.

Turudi kwangu. Skrini moja ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Tatu ni 6,220,800, karibu mara 97 ya ile picha ya Doom, na zinachorwa upya mara 60 kila sekunde. Ili kujua ni nani anayelemewa, fanya jaribio hili: cheza kwa skrini moja badala ya tatu. Kasi ikipanda sana, anayelemewa ni kadi. Ikibaki palepale, ni prosesa. Kwangu ilipanda zaidi ya maradufu. Prosesa yangu, Ryzen 5 3600, haina kosa. Mzigo umeilemea kadi, GTX 1060 ya mwaka 2016, yenye kumbukumbu ya GB 6. Skrini ya nne, kwa hiyo, ingekuwa kurudia kisa cha Parhelia.

Lakini kadi ipi? Hapa Kakamega kuna swali ambalo wahakiki wa ng'ambo hawaulizi. Mvua yetu ya alasiri huja na radi, na umeme hukatika bila hodi. Mnakumbuka Juni 2016, tumbili alipoangukia transfoma kwenye kituo cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani? Au Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipolala bila stima? Mashine hii ndiyo inayonilisha, kwa hiyo iko kwenye kisanduku cha betri, yaani UPS, chenye uwezo wa wati 390.

Basi tupige hesabu. RTX 3080 ya mwaka 2020 inatamanika na ina kasi kubwa, lakini inakula wati 320. Ongeza prosesa 65, skrini tatu kama 75, vingine kama 40: unapata 500. Stima ikipotea katikati ya mchezo, UPS inazidiwa na kila kitu kinazima palepale, pamoja na kazi ya mchana ambayo bado iko wazi. RTX 3060 ya mwaka 2021 inakula wati 170, jumla 350. Na ina kumbukumbu ya GB 12, wakati ile 3080 ilitoka na GB 10.

Nimechagua 3060. Wenye 3080 watanipita kwenye kona, sikatai. Ila radi ikipiga, nitakuwa na dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine taratibu. Nawe kabla ya kununua, kagua kamba yako nzima, kuanzia ukutani hadi kwenye skrini, utafute pabovu pako. Tuonane wiki ijayo.