Kabla Hujamlaumu Mtu, Pima Joto: Historia Fupi ya Mashine Zinazozima Zi

Wadau, wacha nianze na kosa langu. Mwezi wa tatu laptopu yangu ya gemu ilianza kuzima zi. Hakuna onyo, hakuna skrini ya buluu, ni giza tu. Niko katikati ya kuhariri video ya mteja, na hiyo video ndiyo ilikuwa ilipe kodi ya nyumba. Mtu wa kwanza kumlaumu alikuwa ndugu yangu mdogo, kwa sababu yeye ndiye hucheza gemu usiku nikilala. Nilimfokea mbele ya mama, nikabadilisha paswadi. Akaniambia tu, "Brathe, si mimi." Sikumsikiza.

Nikapeleka mashine kwa fundi mjini. Hata hakuifungua. Akasema bodi kuu imeisha, lakini kwa elfu sita anaweza kuipiga hewa moto "iamke". Nilikuwa karibu kutoa pesa. Kilichoniokoa ni historia, na ndiyo maana naandika hii.

Turudi 1946, Philadelphia, Marekani. Mwezi wa pili mwaka huo, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilionyesha watu ENIAC, kompyuta ya kujaza chumba kizima. Ilikuwa na valvu zaidi ya 17,000, ile mirija ya kioo inayowaka kama balbu, na ilikula umeme kilowati 150 hivi. Valvu moja ikiungua, hesabu inaharibika. Wahandisi waligundua kitu: nyingi zilikuwa zinakufa wakati wa kuwasha na kuzima, yaani zikipata joto halafu zipoe. Dawa yao? Waliamua kuiacha ikiwaka. Na waliojua kutafuta ugonjwa wake vizuri ni wanawake sita waliokuwa wakiipanga kazi, kina Jean Bartik na Kay McNulty. Walijifunza ile mashine kwa kusoma michoro yake, mpaka wakaweza kufuata kosa hadi kwenye valvu iliyoungua. Hawakubahatisha. Walifuata waya kwa waya.

Mwaka uliofuata, tarehe 9 Septemba 1947, mashine nyingine pale Harvard, Mark II, ilileta shida. Waliokuwa wakiihudumia walitafuta mpaka wakapata nondo, yule mdudu wa usiku, amenaswa kwenye swichi. Watu hupenda kusema neno "mdudu" kwa maana ya kosa la kompyuta lilizaliwa siku hiyo. Si kweli, Thomas Edison alikuwa analitumia tangu miaka ya 1870. Lakini mimi kinachonigusa si neno. Ni kwamba walimbandika huyo nondo kwenye daftari la kazi, na saa waliyompata. Hilo daftari liko kwenye makumbusho ya Smithsonian mpaka leo. Yaani walikuwa na mazoea ya kuandika kila kitu. Sisi tukipata shida tunaanza na kelele.

Sasa tuje kwenye gemu. Xbox 360 ilitoka Novemba 2005. Haikuchukua muda, mashine zikaanza kuwasha taa tatu nyekundu na kufa. Mwanzoni Microsoft ilisema uharibifu huo ni wa kawaida. Wachezaji nao wakajitafutia dawa: kuna waliokuwa wanaifunga mashine kwa taulo ipate moto sana, na kweli wengine iliamka. Kwa siku chache. Julai 2007 kampuni ikakubali, ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 za kutengeneza na ikaongeza waranti hadi miaka mitatu. Baadaye walieleza kwamba viungio vilikuwa vinapasuka kwa sababu ya kupata moto na kupoa, moto na kupoa. Ni ile hadithi ya ENIAC tena, miaka sitini baadaye.

Julai 2008 zamu ikawa ya laptopu. Nvidia iliwaambia wawekezaji kwamba inatenga dola milioni 150 hadi 200 kwa sababu baadhi ya chipu zake za grafiki kwenye laptopu zilifungwa kwa vifaa dhaifu visivyohimili joto. Baadhi ya waliounda laptopu hizo walitoa masasisho ya kufanya feni izunguke zaidi. Hapo ndipo nilielewa ile "hewa moto" ya fundi wangu. Ni ile taulo ya Xbox, imevaa ovaroli. Inaweza kuamsha mashine mpaka umalize kulipa, halafu inalala tena.

Na juzi tu, 2024. Watu wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, zile za kompyuta za mezani, walikuwa wanaona gemu inaanguka na ujumbe unasema kumbukumbu ya video imejaa. Wakalaumu kadi ya grafiki. Wakalaumu waliounda gemu. Kumbe kosa lilikuwa kwenye prosesa yenyewe, ilikuwa inaomba volti nyingi kupita kiasi na kujiharibu polepole. Agosti mwaka huo Intel ilitoa marekebisho na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Funzo ni hili: ujumbe wa kosa unakuonyesha mahali mashine iliangukia. Mahali ilipojikwaa, utatafuta mwenyewe.

Basi nikanunua daftari la shilingi thelathini, nikarudisha paswadi kwa muda, nikaanza kuandika. Saa ngapi imezima. Programu gani ilikuwa wazi. Chaja gani. Joto ngapi. Rekodi ya Windows yenyewe ilikuwa inasema tukio namba 41 tu, ambalo maana yake ni "nilizimika bila kuagwa", haikusaidii. Nikapima RAM usiku kucha, iko sawa. Nikaichomoa moja moja, bado inazima. Nikaweka draiva upya, bado.

Siku ya nne nikasoma daftari langu. Ilikuwa imezima mara saba. Mara sita zilikuwa kati ya saa nane na saa kumi na moja mchana, nikihariri video, na tunaishi chini ya mabati, jua la mwezi wa tatu mnalijua. Usiku, ndugu yangu akicheza saa mbili mfululizo, imezima mara moja peke yake. Nikafungua programu ya kupima joto mchana: prosesa nyuzi 99, halafu giza.

Nikaifungua. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye mapezi ya feni kama blanketi. Ile pesti ya kupitisha joto kati ya chipu na shaba ilikuwa imekauka kama chaki. Pesti mpya na brashi, shilingi 1,200. Sasa kazi nzito mchana haipiti nyuzi 84, na haijazima tena. Bodi "iliyoisha" ndiyo hii ninaandikia.

Maoni yangu ni haya. Laptopu nyingi zinatufikia hapa zikiwa mitumba, waranti iliishia huko ng'ambo. Kule mteja akilalamika, kampuni inatenga mabilioni. Hapa mwenye kulipa ni wewe, na ukikosa ushahidi unalipia uongo wa mtu. Kwa hivyo muuzaji akikuonyesha mashine, usiridhike na kuiona ikiwaka. Ipe kazi nzito dakika ishirini palepale dukani, uangalie joto. Akikataa, rudisha pesa mfukoni. Na fundi akikwambia bodi imekufa bila kushika bisibisi, mwulize amepima nini.

Lakini ukweli, pesa si ndizo zilikuwa zinaniuma. Jioni hiyo nilimwita ndugu yangu, mama akiwa hapo hapo, nikamwonyesha daftari. Akalisoma mpaka mwisho, akacheka. Akauliza, "Kwa hivyo ni wewe ulikuwa unaiua mchana?"

Ndiyo. Ni mimi. Nilimwomba msamaha mahali nilipomfokea. Paswadi mpya ameichagua yeye, na mimi ndiye ninamwomba.